Bekari ya Upande wa Juani

Watu wa hapa Manyovu wakiniuliza nilichofanya Sydney miaka yote ile, huwa nawajibu kwamba nilichora mji wa Ulaya. Wengi hawaamini. Wanajua kwamba waliotoka huku mpakani kwenda Australia walirudi na habari za kuogesha wazee na kubeba maboksi kwenye maghala. Mimi pia niliogesha wazee, sikatai. Lakini mmoja wa wazee hao alikuwa na mji kichwani, na mtu pekee katika Sydney yote ya magharibi aliyekuwa na elimu ya kuutoa mji huo kichwani na kuuweka ukutani nilikuwa mimi. Nina stashahada ya ualimu, Jiografia na Historia. Nilisafiri nayo kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, kwa sababu masanduku hupotea. Kule Sydney ofisi moja iliniambia kwamba itabidi kwanza itathminiwe. Natumaini bado wanaitathmini.

Niseme pia kwamba sikubebwa na mtu. Hakuna mjomba aliyenitangulia. Nyumba hii ninayoandikia, yenye bati la msauzi na marumaru hadi barazani, imetoka kwenye mikono hii miwili. Jirani yangu ana marumaru sebuleni tu. Tuendelee.

Mzee wangu aliishi Toongabbie, kitongoji cha Sydney ya magharibi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni, kwenye nyumba ya matofali yenye gereji iliyojaa mitungi ya pilipili hoho zilizotiwa siki. Kampuni iliyoniajiri ilinipangia kwake siku tano kwa wiki: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa, kumtoa nje akapate jua. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba aliniona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Masikio yalikuwa mazima, na ulimi ulikuwa mzima kuliko vyote. Tuliongea Kiingereza, kila mtu na cha kwao.

Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Hakushtuka. Nikamwambia mpakani kabisa, ukivuka tu uko Burundi. Akazima televisheni.

"Mpaka wenu unapita wapi? Mlimani au mtoni?"

"Kwenye vilima. Mbuzi wa shangazi yangu hula Burundi na kulala Tanzania."

"Wana hati?"

"Hawana."

"Basi ninyi ni watu wastaarabu," akasema. Tangu hapo akaanza kunipa mji wake, kipande kwa kipande, kila asubuhi nikimpaka sabuni mgongoni. Nilipomweleza habari ya stashahada akaanza kuniita Profesa. Sikumkataza.

Mji wenyewe ni mdogo, uko Balkani, kwenye bonde jembamba kati ya milima miwili. Katikati ya bonde unapita mto usiozidi upana wa barabara, na mto huo ndio mpaka. Nchi zenyewe sitazitaja, kwa sababu kila nilipozitaja mbele ya mzee alinisahihisha: moja ilikuwa imebadilisha jina mara nyingi mno, na nyingine alidai inatumia jina lisilo lake. Walipita Waturuki wakaacha daraja la mawe na namna ya kupika kahawa. Wakaja wafalme, wakaja wanajeshi wa huku na wa huko, ikaja serikali iliyoweka waya wa miiba kandokando ya mto, na baadaye ikaja serikali iliyoung'oa. Wenyeji wakaugawana waya wakazungushia mabanda ya kuku.

Kwa sababu ya vurugu hizo zote, watu wa pale hawakujisumbua na majina ya nchi. Walisema upande wa juani na upande wa kivulini. Mteremko mmoja wa bonde hupata jua la mchana hata wakati wa baridi. Ule unaoukabili hukaa kwenye kivuli cha mlima wake wenyewe mpaka theluji iyeyuke. Serikali zilikuja na kwenda, kivuli hakikuhama.

Kanisa lilikuwa juani na makaburi yalikuwa kivulini. Kwa hiyo wakati wa waya kila maiti alihitaji kibali cha kuvuka daraja, na askari aliwahesabu waombolezaji wakienda na wakirudi. Siku moja walikwenda kumi na mmoja wakarudi kumi na wawili, maana mtu mmoja wa kivulini alikuwa amesikia kwamba kwenye msiba kuna nyama. Askari akahesabu mara tatu. Akaogopa kuwaandikia wakubwa wake kwamba maiti amefufuka, akaandika kumi na mmoja.

Baba wa mzee wangu alikuwa na bekari upande wa juani, ikitazama mto, yenye dirisha kubwa lililoingiza jua la adhuhuri hadi kwenye meza ya kukandia unga. Na hapa ndipo jambo lilipo. Watu wa mji ule waliohamia Sydney walikuwa na chama chao na ukumbi mdogo St Marys, nyuma ya karakana za magari. Mwaka ule waliamua kuchora ramani ya mji kwenye ukuta wa ukumbi, na kila familia ipachike kadi yake mahali nyumba yake ilipokuwa. Zote zilipachika isipokuwa ya mzee wangu. Katibu wa chama, mama mmoja mzee wa kivulini, mwalimu mstaafu wa hesabu, alisema kadi ya bekari haipachikwi kwa kuwa bekari haikuwapo.

Ugomvi wao ulikuwa wa zamani. Kwenye sherehe moja ya chama mzee alisema mbele za watu kwamba kivulini hawajawahi kuoka mkate unaolika. Katibu akamjibu kwamba yeye baba yake hakuwa na bekari, alikuwa na tundu lenye moshi. Yangeishia hapo, lakini neno la katibu huingia kwenye kumbukumbu za mkutano. Miaka ikapita. Walioikumbuka bekari walikufa, na waliobaki walizaliwa baadaye au waliondoka wakiwa wachanga. Kufikia wakati wangu duniani walibaki watu wawili waliojua: mzee na yule mama. Mmoja alisema ilikuwapo, mwingine alisema haikuwapo, na aliyeshika kalamu ni yule mwingine.

Na mzee alikuwa anaondoka. Binti yake aliyeishi Perth alikuwa amemwandalia chumba, na mwezi uliofuata angekuja kumchukua. Ulibaki mkutano mmoja wa chama, Jumapili ya mwisho ya mwezi. Mwenyekiti, mtu mpole aliyezaliwa baada ya yote haya, alisema kwamba mzee akileta vipimo, bekari ilikuwa ukingo upi na umbali gani kutoka darajani, mkutano utasikiliza.

"Nikienda Perth bila kadi ile ukutani," mzee aliniambia siku hiyo nikimfunga vifungo vya shati, "ni kama baba yangu hakuwahi kuwasha tanuri."

Nikamwambia mtu anayemhitaji ndiye huyu anayemfunga vifungo.

Tulianza na umbali. Nilimuuliza kutoka darajani hadi bekari ni mita ngapi.

"Sigara moja na nusu."

"Mita, Mzee."

"Sikupeleka mikate kwa mita. Unawasha darajani. Ikiisha uko kisimani, unawasha nyingine. Hiyo ikifika nusu uko mlangoni."

Mtu asiyesoma angekata tamaa. Mimi nilifundishwa kwamba kipimo chochote kinaweza kugeuzwa kuwa kingine, ilimradi mtu awe na subira. Nikanunua pakiti, nikatoka barabarani mbele ya nyumba, nikawasha sigara moja na kuanza kutembea mwendo wa mtu aliyebeba mikate, nikihesabu hatua. Sivuti. Niliishika tu mkono ukiwa umenyooka mbele, kama mtu aliyebeba mshumaa kanisani. Ikazimika. Nikagundua kwamba lazima ivutwe kidogo ndipo iungue kwa mwendo wake wa kawaida. Nikavuta, nikakohoa, nikaanza upya.

Nilikuwa nimepita hatua ya mia mbili gari lilipopunguza mwendo kando yangu. Ndani alikuwa shemasi wa kanisa letu, mama wa Kikongo kutoka Uvira, akitoka kazini na sare yake.

"Papa, ni wewe niko naona?"

"Ni mimi, Mama Shemasi."

"Na ile kitu mu mukono?"

"Napima umbali."

"Unapima na sigara?"

"Ndiyo kipimo cha mji wenyewe."

"Mji gani? Toongabbie?"

"Hapana. Wa Ulaya."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "Ile diploma unatuambiaka kila siku, njo ilikufundisha hivi?"

"Mama, umenipotezea hesabu."

"Utahesabia mbele ya Mungu," akasema, akapandisha kioo.

Jumapili iliyofuata mahubiri yalihusu mwili kuwa hekalu, na kila aliyegeuka alinigeukia mimi. Lakini kazi ilifanyika. Nilirudia mara nne, nikatafuta wastani, nikapata mita mia tano na hamsini. Nilikaa siku mbili na ladha ya majivu mdomoni. Wapo wanaojiita watafiti ambao hawajawahi kuumia hata kidogo.

Likabaki swali la ukingo. Mwenyekiti alinitumia picha ya ramani ya ukutani. Ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye simu, kaskazini juu, mto ukikata katikati kutoka magharibi kwenda mashariki. Kadi zote zilikuwa zimeandikwa kwa herufi zao, ambazo sizisomi. Kwa hiyo ilinipasa kujua jambo moja tu: juani ni ukingo wa kaskazini au wa kusini? Mwingine angepiga simu akauliza. Mimi nilitaka kuthibitisha.

Nikamtoa mzee uani saa sita mchana, nikakigeuza kiti chake cha magurudumu mpaka jua likampiga usoni.

"Mzee, chukulia uko mlangoni pa bekari, adhuhuri, jua liko usoni hivi. Mto uko wapi?"

"Mbele yangu."

"Na mlima wenu?"

"Mgongoni."

Nikafungua dira kwenye simu. Jua lilikuwa kaskazini, kama linavyokuwa Sydney saa sita mchana kila siku ya mwaka. Hilo nililijua vizuri, kwa sababu kule Rooty Hill nilikopanga, nguo zangu za kazi hazikukauka mpaka nilipohamishia kamba upande wa kaskazini wa nyumba. Basi hoja ilijipanga yenyewe: bekari inatazama jua, jua liko kaskazini, mto uko kaskazini ya bekari, kwa hiyo bekari iko ukingo wa kusini. Nilimsomea mzee hoja yote kwa sauti, hatua kwa hatua, kama nilivyokuwa nikifanya darasani.

Akakohoa.

"Una hakika, Profesa?"

"Nina stashahada, Mzee."

"Basi andika."

Jioni nilimwonyesha karatasi mwenzangu wa nyumba, Mrundi aliyekulia kambini Kasulu na aliyekuwa akiendesha foklifti ya kuinulia mizigo ghalani. Aliitazama huku akila.

"Kaka, wale wa Ulaya si wanapata baridi wakati sisi tuna joto? Labda na jua lao linakaa pengine."

Nikamkumbusha kwamba yeye alisomea foklifti. Akakubali kwamba ni kweli, akaomba nimsogezee dagaa.

Jumapili ya mkutano nilivaa suti na tai. Nilimvalisha mzee koti lake jeusi, tukapanda gari lenye ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu mpaka St Marys. Ukumbi ulikuwa na watu kama arobaini, wengi wa umri wa kustaafu, na harufu ya pilipili hoho za kuchoma ikitoka jikoni. Hakuna aliyemsalimia mzee kwa sauti kubwa. Walimgusa bega tu wakapita. Katibu aliketi mezani mbele, fimbo ikiwa imelala juu ya daftari, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Mzee hakuweza kumwona, lakini aligeuza uso upande ule ule.

Mwenyekiti akanikaribisha. Nilieleza elimu yangu kwanza, kwa kifupi, dakika kama sita. Nikaeleza njia ya sigara, na wazee kadhaa wakainamisha vichwa kwa heshima. Halafu nikachukua kadi ya mzee, nikapima kutoka darajani kwa rula, ukingo wa kusini, nikaibandika.

Kukawa kimya. Niliuchukulia ukimya ule kuwa wa kuvutiwa.

"Nani amekwambia uweke hapo?" Katibu alikuwa amesimama.

"Vipimo, mama."

"Hapo ni kwa baba yangu. Hapo ni zizi la punda wetu."

"Kwa mujibu wa vipimo..."

"Vipimo vyako vimeweka bekari mgongoni mwa punda." Alikuwa tayari anakuja ukutani, miwani usoni, fimbo mbele. "Huku ni kivulini. Uliona wapi bekari kivulini? Unga usingeumuka mpaka Pasaka. Bekari ilikuwa ng'ambo, hapa." Akagonga ukingo wa kaskazini kwa fimbo hata rangi ikabanduka. "Unavuka daraja, unapita kisima, mlango wa kijani. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kila asubuhi, watoto hatukuhesabiwa na askari. Mikate miwili. Na yule baba alikuwa ananikatia kipande cha pembeni, kile kigumu, nile njiani, kwa sababu alijua kwamba nyumbani..."

Jikoni mtu alifunga bomba la maji.

Mimi nilikuwa bado nimeshika rula. Ndipo kitu nilichokifundisha kwa miaka sita kiliponirudia, neno kwa neno, kwa sauti yangu mwenyewe: kaskazini ya mbali ya dunia, jua la adhuhuri hukaa kusini. Kuna mwanafunzi nilimpa sifuri kwa kosa hilo. Nilikuwa nimeupa mji wa Ulaya jua la Toongabbie.

"Mlango ulikuwa wa bluu," mzee akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Kijani," akajibu katibu bila kugeuka.

"Niliupaka mimi."

"Basi ulipaka vibaya."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajizuia, wengine wakashindwa kujizuia. Katibu aliibandua kadi kutoka kwenye zizi la baba yake, akaivusha mto.

"Umesema mita ngapi?" aliniuliza, macho yakiwa ukutani.

"Mia tano na hamsini."

Akanipokonya rula, akapima, akapima tena. "Hilo angalau umepata," akasema. Akaikandamiza kadi kwa dole gumba, akakaa hivyo muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji. Kisha akarudi mezani, akafungua daftari la kumbukumbu, akaandika mstari mmoja. Mwenyekiti alipomwomba ausome, alisema utasomwa mkutano ujao kama ilivyo kawaida. Kabla hatujaondoka alimletea mzee sahani ya pilipili na mkate, akaiweka mapajani mwake. "Mkate wa kivulini," akamwambia. Mzee akala wote.

Kwenye gari la kurudi Toongabbie aliketi akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Taa ya kwanza ikapita, na ya pili.

"Profesa, ulifanya makusudi?"

Nilitazama nje kidogo. Nikasema ndiyo, ni mbinu ya ufundishaji: mwalimu huandika kosa ubaoni ili mwanafunzi alisahihishe mwenyewe.

"Mbinu nzuri," akasema. "Unajua, mwaka wangu wa kwanza Sydney nilipanda nyanya upande wa kusini wa nyumba, kama kwetu. Hazikuiva hata moja. Jua la huku nalijua, na la kule nalijua."

Nilichukua muda kulielewa hilo.

"Kwa hiyo siku ile uani, ulijua?"

"Nilijua unaipeleka bekari ya baba yangu kwa punda."

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Ningepeleka ukweli, yule mama angeubishia mpaka tufe wote wawili. Lakini hajawahi kuona kosa akalipita, tangu akiwa msichana. Nilihitaji kosa kubwa, na mtu wa kulisimamia mbele za watu bila kutetereka." Alipapasa hewani mpaka akalipata goti langu. "Nilikuwa sijui nitampata wapi. Ukaja wewe, na stashahada."

Sehemu hiyo hapa Manyovu huwa nairuka. Naishia pale kwenye mita mia tano na hamsini.

Mzee alihamia Perth. Binti yake huniandikia kwamba kila Jumapili baada ya kanisa katibu humpigia simu mzee, na hawasalimiani. Wanaanzia pale walipoachia, kwenye rangi ya mlango. Mara moja walinipigia mimi, wote wawili kwenye laini moja, wakitaka mtaalamu aamue. Nilitoka nje hadi barazani, nikatazama kwanza jua liko wapi, nikawaambia nitahitaji vipimo.